Shingo Kwanza: Kununua na Kupiga Gitaa la Besi la Zamani Unguja

Kabla hujauliza bei, na kabla hujauliza jina la kiwanda, lishike gitaa kwa kitako chake, liinue mpaka usawa wa jicho, kisha uitazame shingo kwa urefu wake kama seremala anavyoitazama boriti kabla ya kuilipia. Anza na ukingo wa upande wa uzi mnene, halafu utazame ukingo wa upande wa uzi mwembamba. Kingo hizo mbili zikienda sambamba, na zote mbili zikibonyea kidogo sana katikati, shingo ni nzima. Ukingo mmoja ukiinuka ilhali mwenzake umelala, shingo imejisokota, na hapo lirudishe gitaa mahali pake, umshukuru mwenye duka, uende zako. Nimelitanguliza hili kwa sababu kila kitu kingine katika gitaa la besi kinaweza kununuliwa, kulehemiwa, kubadilishwa au kuvumiliwa, lakini shingo iliyojisokota ni kazi ya fundi mwenye zana maalumu, na fundi huyo ni adimu sana katika visiwa vyetu.

Niliyajua haya kwa hasara. Besi yangu ya kwanza niliinunua katika duka la vitu vilivyotumika, mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma. Lilikuwa gitaa la Kijapani, limepakwa rangi nyekundu iliyokoza pembeni na kufifia kuwa manjano katikati, halina mkwaruzo hata mmoja, na nyuzi zake zilikuwa zimelegezwa. Mwenye duka alinieleza kuwa zimelegezwa ili gitaa lisiumie safarini, nami nikaridhika na jawabu hilo. Nilipofika nyumbani nikazikaza, uzi mmoja baada ya mwingine, na nilipofika uzi wa nne nilikuwa nikiona kwa macho jinsi zinavyoachana na shingo; kwenye freti ya kumi na mbili (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa kukatisha shingo) penseli ilipita chini ya nyuzi bila kuzigusa. Nyuzi nne za besi zikikazwa kwa sauti yake huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, yaani uzito wa mtu mzima, na shingo iliyochoka huweza kujificha muda wote ambao nyuzi zimelegea.

Kwa hiyo, mnunuzi akikuta nyuzi zimelegea aombe ruhusa ya kuzikaza pale pale dukani, kwa msaada wa programu ya kutyuni iliyomo kwenye simu, kisha aliache gitaa kwa muda wa nusu saa. Mimi huenda kunywa kahawa barazani nikarudi. Nikirudi naubonyeza uzi mnene kwa vidole viwili kwa pamoja, kimoja kwenye freti ya kwanza na kingine kwenye freti ile ambapo shingo inaungana na mwili, ili uzi wenyewe uwe rula, kisha natazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Nafasi nzuri ni karibu milimita 0.3, unene wa kadi ya mwaliko wa harusi. Uzi ukiwa umegusa freti kabisa, shingo imejipinda kwa nyuma. Nafasi ikiwa kubwa kiasi cha kupitisha sarafu, imejipinda kwa mbele. Mapindo haya mawili, tofauti na msokoto, huweza kurekebishwa, kwa sababu ndani ya shingo nyingi mna fimbo ya chuma yenye nati mwishoni, na nati hiyo ikizungushwa robo ya mzunguko kwa wakati mmoja shingo hunyooka. Katika magitaa mengi ya zamani ya Fender, kiwanda cha Kimarekani, na katika mengi yaliyoigwa kutokana nayo, nati hiyo iko upande wa mwilini, na ili kuifikia ni lazima kulegeza skrubu za shingo. Mwulize muuzaji kama anakubali mfanye hivyo. Nati iliyoliwa pembe zake, au iliyofika mwisho wa hesi zake huku shingo bado imejipinda, ni dalili kwamba watu wengi wamejaribu kabla yako na wameshindwa.

Huenda mtu akauliza kwa nini ajisumbue na gitaa lenye umri wa miaka 40 au 50 ilhali mapya yapo. Jawabu langu linatokana na muziki wa hapa hapa. Katika vikundi vyetu vikongwe vya taarab, Nadi Ikhwan Safaa cha mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, sauti ya chini hutolewa na besi kubwa ya kusimama, na katika kidumbaki, ngoma ya Unguja iliyo ndugu ya taarab, hutolewa na sanduku: sanduku la chai lililogeuzwa, uzi mmoja uliofungwa katikati yake, na fimbo ambayo mpigaji huivuta na kuilegeza ili sauti ipande na kushuka. Vyombo vyote hivi viwili hutoa sauti nene inayozaliwa haraka na kufa haraka, ikaacha nafasi kwa fidla, ganuni na dumbaki. Magitaa mengi ya besi ya sasa yametengenezwa kwa lengo tofauti. Yana saketi ya betri ndani yake, sauti yake inang'aa na kudumu, na katika wimbo wa taarab humfunika mwimbaji. Gitaa la zamani lisilo na betri, likifungwa nyuzi bapa nitakazozieleza mbele, linaikaribia besi ya kusimama kuliko kitu kingine chochote kinachoweza kubebwa begani. Tena vitu vilivyomo ndani yake ni vichache mno, volyumu (vifundo vya kurekebisha sauti) mbili au tatu, kapasita moja na waya, kiasi kwamba fundi redio yeyote mwangalifu wa Darajani au Mwanakwerekwe anaweza kuvitengeneza.

Majina na miaka

Ni vizuri kuzijua nasaba chache, kwa sababu magitaa mengi utakayoyakuta ni watoto au wajukuu wa mawili. La kwanza ni Precision Bass, ambalo Leo Fender alilitoa huko California mwaka 1951, na ambalo tangu mwaka 1957 lina pikapu (sumaku yenye waya inayonasa sauti ya nyuzi) iliyogawanyika vipande viwili vilivyopishana. La pili ni Jazz Bass la mwaka 1960, lenye pikapu mbili ndefu na shingo inayopungua upana kuelekea kichwani: upana wa shingo yake pale juu ni karibu milimita 38, ilhali Precision ya kawaida hufika karibu milimita 44. Mwenye mkono mdogo atahisi tofauti hiyo tangu dakika ya kwanza. Yote mawili yana urefu wa uzi wa inchi 34, karibu sentimita 86, kutoka juu ya shingo mpaka kwenye daraja, kile kipande cha chuma mwilini kinachozishika nyuzi. Mengine yana nyuzi fupi za inchi 30 hivi, kama Fender Mustang ya mwaka 1966 na Gibson EB-3 ya mwaka 1961. Hayo humfaa mwanafunzi mdogo, na sauti yake ni nene na laini. Höfner 500/1 ya Ujerumani, lile lenye umbo la fidla ambalo Paul McCartney wa Beatles alilifanya lijulikane duniani kote, ni zuri kwa macho na kwa masikio, lakini mwili wake ni uwazi uliozungukwa na mbao nyembamba zilizogundishwa, na sipendi kumshauri mtu wa pwani anunue kitu ambacho uhai wake unategemea gundi ya zamani.

Ushauri wangu kwa mnunuzi wa Unguja na Pemba ni kutafuta magitaa ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na ya miaka ya 1980: Ibanez, Aria, Yamaha ya mfululizo wa BB ulioanza mwaka 1977, na Fender zilizotengenezwa Japani tangu mwaka 1982. Sababu ya kwanza ni kwamba ufundi wake ni wa hali ya juu. Sababu ya pili ni ya hewa yetu: mengi katika hayo yamepakwa poliesta, rangi ngumu inayoufunika ubao kama ganda la yai, na chumvi huchelewa kupenya. Magitaa ya Kimarekani ya miaka ya 1950 na 1960 yalipakwa nitroselulosi, rangi nyembamba ambayo wakusanyaji wa Ulaya huipenda sana kwa jinsi inavyozeeka, lakini huku kwetu hupasuka na kubanduka, na ukiishika kwa mkono uliojipaka dawa ya mbu huyeyuka ikakuachia alama za vidole vitano ambazo hazitoki tena.

Kujua umri wa gitaa ni kazi ya subira. Kwa Ibanez ni rahisi, kwani kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1975 namba yake ilianza kwa herufi ya mwezi na tarakimu mbili za mwaka, hivyo H78 ni Agosti 1978. Fender za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1970 zina namba kichwani inayoanza na S, na za miaka ya 1980 huanza na E, lakini herufi hizo huonyesha kipindi zaidi kuliko mwaka kamili, kwa kuwa shingo zilikaa kiwandani na namba zikapishana. Ushahidi ninaouamini zaidi umo ndani. Fungua kifuniko, tazama mgongo wa volyumu kwa tochi ya simu, na utakuta tarakimu zilizogongwa kwenye chuma. Tuseme ni 1377633: tarakimu tatu za mwanzo, 137, ni kiwanda cha CTS, 76 ni mwaka 1976, na 33 ni wiki ya thelathini na tatu. Ikianza na 304 ni kiwanda cha Stackpole. Ifahamike kwamba tarakimu hizi husema gitaa haliwezi kuwa la kabla ya wiki hiyo, hazisemi kwamba lilitengenezwa wiki hiyo. Fender walinunua akiba kubwa sana ya volyumu mwaka 1966, na akiba hiyo ikaendelea kufungwa kwa miaka kadhaa baadaye. Muuzaji akikuambia gitaa ni la mwaka 1965, nawe ukakuta ndani yake 1377633 na lehemu yake haijaguswa, huna haja ya kubishana naye. Mwonyeshe.

Hapa niseme neno juu ya kauli moja inayopandisha bei bila haki. Mwaka 1977 kampuni iliyomiliki Gibson iliwashtaki wasambazaji wa Ibanez nchini Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana. Kutokana na kesi hiyo moja, siku hizi kila gitaa la Kijapani lililoigwa huuzwa kwa jina la gitaa la kesi, hata kama kiwanda chake hakikuhusika kwa lolote. Lilipie gitaa lenyewe; hadithi usiilipie.

Waya, mita na umeme

Nenda dukani na mita ya fundi umeme. Chomeka waya wa gitaa, fungua sauti yote, na upime omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kati ya ncha na kiwiliwili cha jeki ya upande wa pili. Pikapu nzima ya mtindo wa Precision husoma karibu omu 10,000, na moja ya mtindo wa Jazz karibu omu 7,500. Tofauti ndogo haidhuru. Ukisoma omu 250,000 hivi, pikapu imekufa na unachopima ni volyumu peke yake. Hili huku kwetu ni jambo la kawaida kuliko bara, kwa sababu waya wa shaba uliozungushwa ndani ya pikapu ni mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara, na tone moja la chumvi likiula mahali pamoja tu, sauti yote hutoweka. Kuuzungusha upya kunawezekana, ila kwa kawaida ni kumtuma mtu Dar es Salaam au nje ya nchi. Basi mapatano ya bei yaanzie hapo.

Volyumu inayokwaruza na jeki inayokatakata zisikutishe. Hizo ni kazi za saa moja na bei ya vifaa vyake ni ndogo. Baada ya kuliunga gitaa na amplifaya, usikilize mngurumo. Ukizigusa nyuzi kwa kiganja mngurumo ukapungua, waya wa ardhi unaopita chini ya daraja ni mzima, na usipobadilika, waya huo umekatika au umeliwa na kutu.

Amplifaya ndiyo inayounguza fedha za watu. Umeme wetu ni wa volti 230, ilhali amplifaya iliyokuja ndani ya kontena kutoka Japani ni ya volti 100 na ya Marekani ni ya volti 120, na plagi yake ikishabadilishwa na mtu hakuna kinachoonekana kwa nje isipokuwa kibati kidogo cha nyuma. Soma kibati hicho kabla ya kuchomeka kitu chochote. Ikiwa ni ya volti 100 utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na uwezo wa transfoma hiyo kwa wati uwe mkubwa kuliko ule ulioandikwa kwenye amplifaya. Jambo jingine ni waya wa ardhi wa jengo, ambao katika nyumba nyingi za zamani haupo. Shika testa, gusa nyuzi za gitaa na kichwa cha maikrofoni. Testa ikiwaka, msimamishe kila mtu jukwaani mpaka fundi umeme aje. Mpiga besi anayeimba huku midomo yake imegusa maikrofoni na mikono yake imegusa nyuzi ndiye anayeuunga mzunguko huo kwa mwili wake.

Mapatano

Muuzaji wa vitu vilivyotumika mara nyingi hajui anachouza, na mnunuzi mwenye haya hatamdanganya. Mimi hufungua mazungumzo kwa kasoro, moja moja, kwa adabu, huku gitaa liko mikononi mwetu sote wawili.

"Ami, freti hizi zimefanya vidimbwi chini ya uzi huu. Pitisha kidole chako hapa."

"Naona, mwanangu. Lakini linalia."

"Linalia, ami, ila kuzing'oa na kutia mpya ni kazi, na hapa Unguja sijui nani ataifanya. Tupunguze kidogo tufike mahali."

Mazungumzo ya namna hii humpa muuzaji nafasi ya kushuka bila kuvunjiwa heshima, na humpa mnunuzi nafasi ya kuhesabu gharama za kweli: seti ya nyuzi, freti, jeki, transfoma. Jumlisha hizo na bei ya duka, kisha ujiulize kama jumla hiyo inafikia bei ya gitaa zima zaidi. Mkishapatana, omba risiti. Na ikiwa unanunua kwa mtu binafsi, andikeni hati ya mauziano yenye namba ya gitaa na mashahidi wawili. Magitaa huibwa. James Jamerson, mpiga besi mkuu wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, aliibiwa Precision yake ya mwaka 1962 muda mfupi kabla ya kufariki mwaka 1983. Karatasi yenye namba humlinda mnunuzi mwaminifu, na humsaidia mwenye mali kuirudisha.

Kulitayarisha na kulitunza

Nyuzi bapa ndizo ninazozipendekeza. Hizi zimezungushiwa utepe wa chuma badala ya waya wa mviringo, kwa hiyo ni laini kama hariri chini ya kidole, haziili freti, na huweza kukaa miaka bila kubadilishwa; Jamerson alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Bei yake ni kubwa kuliko ya nyuzi za kawaida, lakini katika hewa ya chumvi nyuzi za kawaida hupoteza sauti baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka utakuwa umelipa zaidi.

Baada ya kufunga nyuzi, rekebisha mambo matatu kwa mpangilio huu, na usiupindue: kwanza unyofu wa shingo kama nilivyoeleza, pili kimo cha nyuzi, karibu milimita 2.5 juu ya freti ya kumi na mbili kwa uzi mnene na 2 kwa uzi mwembamba. Tatu urefu wa kila uzi kwenye daraja. Kwa hili la tatu, gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubonyeza upate ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze hapo hapo, na ulinganishe kwa programu ya kutyuni. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, rudisha kipande cha daraja nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Skrubu za daraja mara nyingi zimeshikana kwa kutu. Zitie tone la mafuta ya cherehani, uzipe usiku mzima, na usizilazimishe.

Mahali pa kuliweka ni muhimu kuliko dawa zote. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hunywa maji wakati wa masika, nami nimeona mgongo wa gitaa lililotundikwa ukutani ukiota ukungu mweupe kati ya Machi na Mei. Litundike kwenye ukuta wa ndani, au uliweke katika kisanduku chake pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usiliweke chini ya mabati, ambako joto la mchana hulegeza gundi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na usipake mafuta ya nazi kwenye ubao wa vidole, maana huchacha na kushika vumbi.

Kulipiga

Magitaa ya Fender ya miaka ya mwanzo yalikuwa na kipande kidogo cha ubao upande wa uzi mwembamba, ambapo mpigaji alishikilia vidole vyake huku akipiga kwa dole gumba, na chini ya kifuniko cha chuma cha daraja palikuwa na kizibo laini cha kufupisha sauti. Mara nyingi vyote viwili vimeshapotea, yakabaki matundu ya skrubu tu, lakini vinatuonyesha jinsi vyombo hivi vilivyokusudiwa kupigwa. Kata kipande cha sifongo, unene wa kidole kimoja, ukisukume chini ya nyuzi karibu na daraja kiguse nyuzi zote nne kwa wepesi. Laza kisigino cha mkono wa kulia juu yake na upige kwa upande wa nyama wa dole gumba, ukielekea chini. Sauti itakayotoka ni fupi, ya mviringo, na mtu aliyekulia karibu na ngoma za kidumbaki ataitambua.

Kisha liigize sanduku. Mpiga sanduku hafiki kwenye noti moja kwa moja; huivuta fimbo na sauti ikapanda mpaka ikatulia. Kwenye besi, anza freti moja au mbili chini ya noti unayoitaka, piga mara moja tu, na uteleze mpaka ufike kwa wakati ule ule dumbaki inapogonga mzito wake. Usifanye hivyo kwa kila noti. Mara moja kwa kila mzunguko inatosha, na noti zilizobaki ziwe kavu, zikinyamazishwa kwa kuinua kidole cha kushoto kidogo bila kukiondoa kwenye uzi. Fanya zoezi hili kwa noti mbili tu, ya kwanza na ya tano, kwa robo saa kila siku, bila haraka, mpaka mguu wako uanze kugonga sakafu wenyewe.

Ugumu wa kweli unakuja katika maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu zinazotumika katika taarab. Hijazi inayoanzia D haina tabu, kwa kuwa noti zake, D, E bemoli (E iliyoshushwa nusu toni), F dizi (F iliyopandishwa nusu toni), G na A, zote zimo kwenye freti. Rasti inayoanzia C ina E na B zilizoshushwa robo toni, na bayati inayoanzia D ina E ya namna hiyo hiyo. Noti hizo hazimo katika freti yoyote. Mpiga besi akibonyeza E ya kawaida chini ya fidla inayopiga E ya rasti, zitagombana, na wazee walioketi mstari wa mbele watageuza shingo. Suluhisho la kwanza ni kukaa mbali na noti hizo: katika rasti tembea juu ya C, F na G, katika bayati tembea juu ya D, G na A, na uigusie F unapopita. Mpigaji anayezishika noti hizo tatu vizuri, akajua lini anyamaze, anaweza kusindikiza usiku mzima pasipo kumkera mtu.

Suluhisho la pili ni gitaa lisilo na freti. Fender walianza kuliuza la namna hiyo mwaka 1970, na Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani, alilipata lake kwa kutumia Jazz Bass ya mwaka 1962 ambayo freti zake zilikuwa zimeng'olewa na mianya yake kujazwa. Ukitaka kufanya hivyo, usilifanyie gitaa zima la zamani. Tafuta lile ambalo freti zake zimeshaliwa kiasi cha kutofaa lakini shingo yake imenyooka, hilo ambalo muuzaji atalitoa kwa bei nafuu kwa kuwa linavuma kila mahali. Pasha kila freti kwa ncha ya pasi ya kulehemu mpaka ipate joto, iinue taratibu kwa koleo lililosagwa bapa ukianzia pembeni ili ubao usimeguke, jaza kila mwanya kwa ukanda mwembamba wa mbao na gundi, usugue kwa msasa ulioviringishwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, na ufunge nyuzi bapa, kwa sababu nyuzi za kawaida zitauchimba ubao katika miezi michache. Vile vikanda vya mbao nyeupe vitakuonyesha freti zilipokuwa. Kidole kikikaa juu ya kikanda cha E utapata E ya kawaida. Kikirudi nyuma kuelekea kichwani, karibu nusu ya njia ya kwenda kikanda cha E bemoli, utaipata ile ya rasti, na kutoka hapo fidla ndiyo itakayokuambia usogee wapi.